Wimbi Lina Wenyewe

Aprili inapowadia, wapenzi wa mchezo wa kuteleza mawimbini kutoka Australia, Brazili, Marekani na Ulaya hufunga mbao zao na kusafiri hadi Padang, bandari ya pwani ya magharibi ya Sumatra, nchini Indonesia. Kutoka hapo huvuka bahari kiasi cha kilomita 150 kwenda Visiwa vya Mentawai: Siberut, Sipora, Pagai Kaskazini na Pagai Kusini, pamoja na vijisiwa vingi vinavyovizunguka. Wengi hukodi mashua na kukaa majini siku kumi au zaidi, wakiteleza mchana na kulala humo humo usiku. Msimu huendelea hadi Oktoba.

Maandalizi ya safari hiyo yameandikwa mara nyingi mno. Msafiri huambiwa abebe ubao wa akiba, kwa sababu matumbawe huvunja mbao. Abebe dawa ya kusafishia majeraha, kwa sababu matumbawe hayo hayo huchana ngozi. Amwone daktari kuhusu malaria. Akate bima itakayolipia gharama za kumtoa kisiwani akivunjika mguu. Asome ramani za upepo, ajue siku za mawimbi makubwa, na achague nahodha ajuaye kufika kwenye wimbi kabla mashua nyingine hazijafika. Ni orodha ndefu na yenye busara kwa mambo yake. Kasoro yake ni moja: watu wa Mentawai hawamo. Wakitajwa, hutajwa pamoja na mbu na mvua, yaani katika fungu la hali ya mahali.

Naandika kuipinga orodha hiyo. Siupingi mchezo wenyewe, ambao ni mzuri na mgumu. Napinga siasa iliyojificha ndani ya maandalizi yanayoonekana kuwa ya kawaida. Na msomaji asijiulize mwalimu wa Afrika Mashariki anatafuta nini Sumatra. Mawimbi ya Mentawai huzaliwa na dhoruba za bahari ya kusini, zikiwamo zile zinazopita kusini mwa bara letu wenyewe, kisha husafiri maelfu ya kilomita kabla ya kuvunjikia kwenye miamba ya visiwa vile. Nasi tumewahi kupokea mawimbi kutoka kwao. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia pwani ya Sumatra iliivuka bahari nzima ikaua watu Somalia, Tanzania na Kenya. Tunaishi katika kingo mbili za bahari moja. Zaidi ya hayo, lugha inayotumika kuuza visiwa vyao ndiyo inayoanza kutumika katika ofisi zetu kuuza vyetu.

Lugha hiyo imejengwa juu ya uongo wa aina tatu. Nitaushughulikia mmoja baada ya mwingine.

Uongo wa kwanza ni kwamba kisiwa kilikuwa kitupu mpaka alipofika mtelezaji. Mentawai ina watu wasiopungua makumi elfu, wenye lugha yao, nyumba zao kubwa za ukoo ziitwazo *uma*, na waganga wao waitwao *sikerei*. Wamepambana na serikali iliyotaka waiache imani ya wazee wao katika miaka ya 1950, na baadaye na makampuni ya magogo yaliyoingia misituni mwao. Tangu 1999 wana wilaya yao yenyewe, yenye makao makuu Tuapejat, kisiwani Sipora. Hiyo ni historia ya kisiasa kama ya jamii nyingine yoyote. Lakini katika simulizi za mchezo, historia ya visiwa hivyo huanzia siku mgeni alipoliona wimbi.

Tazama mfano wa Katiet, kijiji cha kusini mwa Sipora. Mbele yake kuna wimbi linalohesabiwa kuwa miongoni mwa mawimbi bora duniani. Mwaka 1991 Mwaustralia aitwaye Lance Knight alifika pale akaliteleza, na tangu hapo dunia nzima ya mchezo huo huliita Lance's Right, wimbi la kulia la Lance. Simlaumu Knight kama mtu; alikaribishwa na wanakijiji, naye hakudai kumiliki kitu. Ninachokilaumu ni desturi inayoona kwamba mahali hapana jina mpaka mgeni apape. Sisi tunaijua desturi hiyo tangu Speke alipolifikia ziwa letu mwaka 1858 na kulibatiza jina la malkia wake, hali watu walioishi kando yake walikuwa wakiliita Nyanza kwa karne nyingi. Jina si jambo dogo. Aliyetoa jina ndiye atakayeulizwa habari za mahali, na aliyeulizwa ndiye atakayelipwa.

Kejeli yake ni kwamba mchezo wenyewe haukuanzishwa na hao wanaojifanya wagunduzi. Ulikuwa utamaduni wa Hawai'i, wa wakubwa na wadogo, wanaume kwa wanawake, kabla ya wamisionari wa karne ya 19 kuukemea. Msafiri Mjerumani aliyefika Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, katika miaka ya 1640 aliandika jinsi watoto walivyojifunza kuogelea wakiwa juu ya vipande vya mbao. Huko Australia, ambako leo kunatoka wasafiri wengi wa Mentawai, mchezo ulipata umaarufu kwa maonyesho ya Mhawai'i Duke Kahanamoku, katika msimu wa kiangazi wa 1914 na 1915. Watu wa visiwa walikuwa walimu, kisha wakageuzwa mandhari.

Uongo wa pili ni kwamba bahari haina mwenyewe. Huu una nguvu zaidi kwa sababu unafanana na haki. Mtelezaji husema: silimi shamba la mtu, sivui samaki wa mtu, sikati mti, nateleza juu ya maji yanayopita, na nikiondoka wimbi linabaki pale pale. Hoja inavutia, na nusu yake ni kweli. Wimbi haliliki likaisha. Lakini mashua hutia nanga, na nanga huvunja matumbawe yasiyoota upya kwa msimu mmoja. Taka za mashua lazima zitupwe mahali. Ufuo unaotazamana na wimbi hupanda bei, na mwenye haja ya pesa za ada ya shule huuza kipande cha mnazi wa babu yake kwa bei ambayo mnunuzi atairudisha kwa wageni wachache. Kitu kisicho na mwenyewe hakiwezi kuuzwa. Wimbi la Mentawai huuzwa kila siku. Swali la kweli ni nani muuzaji.

Fuata njia ya fedha. Mteja hulipa akiwa kwao, mara nyingi kwa wakala wa nchi yake. Mashua hupakia chakula, mafuta na maji Padang. Mtu anaweza kukaa siku kumi mbele ya vijiji vitano na asikanyage hata kimoja. Fedha imepita karibu, imeonekana kwa macho, haikushuka nchi kavu. Kwa sababu hiyo serikali ya wilaya ilianza mwaka 2016 kutoza kila mtelezaji rupia milioni moja kwa siku kumi na tano. Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na nauli ya ndege iliyomleta, lakini wapo waliolalamika, na lalamiko lao lililorudiwa zaidi lilikuwa kwamba hawaoni fedha hiyo inafanya kazi gani.

Lalamiko hilo ni la haki, ila limekosea mlalamikaji. Mwenye haki ya kwanza ya kuuliza rupia milioni moja zimekwenda wapi ni mama wa Katiet anayetembea mwendo mrefu kumfikisha mtoto zahanati. Mgeni anauliza kwa sababu amelipa. Yeye anauliza kwa sababu zimelipwa kwa jina lake. Hapa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nawaomba wanisikilize vizuri. Tozo isiyokuwa na hesabu iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji humpa mgeni kisingizio cha kudharau mamlaka yote ya wenyeji. Wizi mdogo wa ofisi huhalalisha unyang'anyi mkubwa wa mashua.

Uongo wa tatu ni mtamu kuliko yote, nasi tunao katika methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Mentawai methali hii ilitimia kwa maana yake ya juu kabisa. Mwaka 1999 daktari wa New Zealand, Dave Jenkins, alikwenda visiwani kuteleza. Alishuka kijijini, jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya, akakuta watu wanakufa kwa malaria, maradhi yanayozuilika kwa chandarua na kutibika kwa vidonge. Mwaka uliofuata akaanzisha shirika la SurfAid, ambalo limefanya kazi ya afya ya mama, mtoto na malaria katika visiwa hivyo. Ni kazi ya heshima, na anayeibeza akae kwanza na mgonjwa wa malaria usiku mmoja.

Lakini tuitazame hadithi hiyo upande wake wa pili. Miaka mingi kabla ya 1999 mashua zilikuwa zikipita na wateja waliomeza dawa ya kinga kila asubuhi. Orodha ya maandalizi ilijua kwamba Mentawai kuna malaria. Ndiyo maana ilimwambia msafiri ajikinge. Ujuzi ulikuwapo, dawa zilikuwapo, zilikuwa ndani ya begi, mita mia chache kutoka kwa mtoto mwenye homa. Haikuhitajika sayansi mpya. Ilihitajika mtu mmoja ashuke mashuani akatazame. Na serikali ya Jakarta, ambayo haikuhitaji kushuka mashuani kwa kuwa nchi ni yake, ilikuwa wapi? Afya ya mwenyeji ikitegemea bahati ya kutembelewa na mgeni mwema, hiyo ni aibu ya dola. Methali imsifu mgeni. Haimpi mtawala likizo.

Ukitaka kuona jinsi uongo huu watatu unavyoungana, soma habari za matetemeko. Tarehe 28 Machi 2005 ardhi ilitetemeka vikali Nias, kisiwa kilicho kaskazini ya Mentawai, na mamia ya watu wakafa. Tetemeko hilo liliinua mwamba wa matumbawe wa Lagundri, ghuba maarufu kwa watelezaji, na waliorudi baadaye wakashangilia kwamba wimbi limekuwa bora kuliko zamani. Sisemi walifurahia vifo. Nasema tukio lile lile liliingia katika daftari mbili tofauti, na daftari iliyosomwa duniani ni ile ya wimbi.

Kisha ikaja tarehe 25 Oktoba 2010. Tetemeko lilitokea usiku karibu na visiwa vya Pagai. Lilikuwa la aina inayopasua ardhi polepole, kwa hiyo wakazi wengi hawakuhisi mtikisiko wa kuwafanya wakimbilie vilimani. Tsunami iliyofuata iliua zaidi ya watu 400, na bahari iliyochafuka ikachelewesha misaada. Katika siku zile za maombolezo, Spika wa Bunge la Indonesia wa wakati huo, Marzuki Alie, alinukuliwa akisema maneno yenye maana kwamba anayeogopa mawimbi asiishi pwani.

Pima kauli hiyo. Wimbi lile lile linalomleta tajiri kutoka ng'ambo, ambaye bima yake ina helikopta, ndilo linalotajwa kuwa kosa la maskini aliyezaliwa mbele yake. Mgeni akiwa pwani ni mtalii. Mwenyeji akiwa pwani ni mzembe. Ninaposikia kiongozi wa kwetu akiwaambia wakazi wa mabondeni kwamba wamejitakia mafuriko, nakumbuka kwamba dharau hii haina uraia.

Najua jibu litakaloletwa. Wako watakaosema: basi mwalimu anataka watu wasisafiri, vijana wa Mentawai wakose hata kibarua cha kuendesha mashua. Sitaki hivyo. Wala sidhani kwamba dawa ni kumpa mwekezaji mmoja funguo za bahari, au kuifungua kwa kila ajaye. Njia zote mbili zimejaribiwa Fiji, na matokeo yake yanafundisha.

Karibu na kijisiwa cha Tavarua, magharibi ya Viti Levu, kuna wimbi maarufu liitwalo Cloudbreak. Tangu miaka ya 1980 hoteli ya kijisiwani ilikuwa na mapatano na wenyeji wenye haki ya kimila ya uvuvi katika maji yale, haki inayoitwa *qoliqoli*. Wenyeji walilipwa, wageni wa hoteli wakateleza, wengine wote wakazuiwa. Vijana wa Fiji wasio na uwezo wa kulala hotelini walilitazama wimbi la nchi yao kwa mbali. Mwaka 2010 serikali ya Frank Bainimarama, iliyoingia kwa mapinduzi ya 2006 na kutawala bila bunge, ilitoa amri ya kufuta mapatano yote ya aina hiyo na kuyafungua maeneo ya kuteleza kwa watu wote. Watelezaji wa dunia walishangilia: uhuru umeshinda.

Uhuru wa nani? Kijana wa Fiji alipata nafasi majini, na hilo ni jema. Mwenye mashua ya kukodi alipata biashara. Wenye *qoliqoli* walipoteza silaha pekee waliyokuwa nayo mezani, yaani uwezo wa kusema hapana. Kumbuka pia kwamba mswada wa kuwarudishia wenyeji umiliki wa maeneo hayo ya bahari, ulioletwa na serikali ya Laisenia Qarase, ulikuwa miongoni mwa sababu alizozitoa Bainimarama za kuipindua serikali hiyo. Kwa hiyo mapatano ya zamani yaliwanyima wananchi wengi bahari yao, na amri mpya ikawanyima wenyeji sauti yao. Katika njia zote mbili, uamuzi ulifanywa kwa faida ya anayekuja kuteleza. Walibadilishana wageni tu.

Mimi nashikilia msimamo wa tatu, nao ni rahisi kuutamka ingawa ni mgumu kuutekeleza: mwenyeji awe na haki ya kisheria ya kukubali, kukataa na kuweka masharti, na masharti hayo yasimfungie nje mwananchi mwenzake. Idadi ya mashua kwa kila wimbi iwekewe kikomo. Maboya ya kudumu ya kufungia mashua yatumike, nanga zisishuke kwenye matumbawe. Tozo ilipwe, na fungu linalojulikana libaki kijijini na kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Nahodha, mpishi na mwongozaji watoke visiwani pale wanapopatikana, na wasipopatikana wafunzwe. Huko Hawai'i, katikati ya miaka ya 1970, wenyeji wa pwani ya kaskazini ya Oahu waliunda umoja wao, Hui O He'e Nalu, kupinga kusukumwa nje ya mawimbi yao na mashindano ya kibiashara. Waliitwa wakorofi. Mwenyeji anayeweka masharti huitwa mkorofi daima, mpaka masharti yakishazoeleka ndipo huitwa mwenyeji.

Msafiri naye aongeze mambo katika orodha yake. Kabla ya kuuliza ukubwa wa wimbi, aulize kijiji kilicho mbele yake kinaitwaje na kiongozi wake ni nani. Aulize wakala ni kiasi gani cha nauli yake kinashuka nchi kavu, na akikosa jibu atafute wakala mwingine. Alale kijijini baadhi ya siku na kulipa kwa mkono wake. Alipe tozo bila kunung'unika na kudai risiti. Ajue njia ya kukimbilia kilimani, kwa sababu usiku wa tsunami hautambui pasipoti. Haya hayapunguzi starehe ya safari. Yanaondoa ujinga ambao starehe hiyo imekuwa ikiuhitaji.

Sasa turudi kwetu. Zanzibar, tangu 2021, imekuwa ikiwakodishia wawekezaji visiwa vidogo chini ya sera ya uchumi wa buluu. Paje, mahali ambapo wanawake wamelima mwani katika maji ya kina kifupi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, leo maji hayo hayo yamejaa wageni wanaoteleza wakivutwa na tiara. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, na macho ya wawekezaji hayako mbali. Tanzania Bara ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayoupa mkutano wa kijiji sauti juu ya ardhi. Lakini mvuvi na mkulima wa mwani hawaishi kwa ardhi peke yake. Shamba lao limo majini, na huko sauti yao kisheria ni hafifu. Afisa anayetia saini mkataba wa kijisiwa huandika kwamba hakina wakaazi. Huenda ni kweli kwamba hakuna anayelala pale. Lakini wavuvi hupumzika pale, huanika samaki pale, hujikinga na kusi pale. Neno "kitupu" ndani ya mkataba ndilo lile lile la orodha ya Mentawai.

Wanafunzi wangu wa sheria na maendeleo nawaachia kazi. Nendeni kwenye kisiwa kimoja tu kilichokodishwa, mtafute mkataba wake, mhesabu wavuvi waliokuwa wakikitumia kabla ya kusainiwa, mwaulize nani aliwashauri na kwa lugha gani. Wanaharakati, msisubiri uzio ujengwe ndipo mwandike tamko. Kutoa maoni huwezekana mkataba ungali rasimu. Nanyi watumishi wa umma, faili likifika mezani na kusema kisiwa hakina watu, panda mashua ukaone kwa macho yako kabla ya kutia saini. Daktari mmoja mgeni alishuka mashuani Mentawai akaona yaliyokuwa wazi kwa kila mpita njia. Ninyi mnalipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo.